Taji, mapenzi na deni: Miss Korea anatufundisha nini?

Wengi kati yetu tunaangalia seri za Wakorea, kisha tunasema: «kule mapenzi iko tamu.» Leo nieleze kidogo juu ya warembo wenye taji kule Korea ya Kusini. Ndani ya hadithi zao, mara nyingi mapenzi yanatembea pamoja na makuta.

Shindano la Miss Korea lilianza mwaka 1957, chini ya gazeti Hankook Ilbo. Wanaoshinda wanapewa vyeo: Jin, Seon na Mi, ni kusema ukweli, wema na uzuri. Taji lilikuwa mlango wa kuingia televizioni.

Mfano ni Go Hyun-jung, Seon wa 1989. Akawa mwigizaji, na mwaka 1995 seri «Moraesigye» ikamfanya apendwe nchi nzima. Mwaka ule ule akaolewa na kijana wa ukoo wa Shinsegae, wenye magazini kubwa, akaacha kazi. Mrembo na tajiri: si ndiyo mwisho wa kila seri? Lakini 2003 wakaachana. 2005 akarudi kuigiza, na 2009 akapata tuzo kubwa ya MBC kwa seri ya malkia Seondeok. Ndoa iliisha, kazi ilikuwa ingali inamungoja.

Sasa tuone seri yenyewe «Miss Korea», MBC, 2013-2014. Hadithi iko mwaka 1997, wakati nchi iliishiwa dola ikakimbilia FMI. Oh Ji-young anaongoza asanseri ndani ya magazini, na kazi inataka kumuponyoka. Kim Hyung-joon alimpenda tangu sekondari. Yeye alisoma kwenye chuo kikuu chenye sifa kuliko vyote, lakini kampuni yake ya vipodozi imejaa deni. Anarudi kwa Ji-young kumuomba aingie kwenye shindano, ili taji liuze vipodozi. Anampenda kweli, na anamhitaji kwa biashara, vyote pamoja. Njo maana msichana anabaki kujiuliza: huyu ananitaka mimi, ao anataka uso wangu?

Wanawake wa kule waliuliza swali hilo pia mbele ya watu wote. Mwaka 1999 gazeti lao «IF» lilifanya sikukuu ya kupinga Miss Korea, na tangu 2002 shindano halionyeshwi tena kwenye televizioni kubwa za taifa.

Sisi wenye diplome na mfuko mtupu tunamwelewa Hyung-joon vizuri. Kwa hiyo, kaka, ukimwambia dada «wewe mrembo, simama mbele ya biashara yangu wateja waje», sema kwanza kama ni kazi ao ni mapenzi. Kama ni kazi, umulipe. Kama ni mapenzi, usiyauzishe sabuni.

Nyinyi munasema nini?