Dhahabu ya Geita na safari yake kutoka duarani

Dhahabu ikishayeyushwa haionyeshi ilikotoka. Kwa hiyo asili yake hufuatiliwa kwa karatasi, na karatasi huwa na nguvu pale tu inapoanza mapema.

Mkoani Geita karatasi nyingi huanzia sokoni. Soko la dhahabu la mji wa Geita lilizinduliwa Machi 2019, mwezi mmoja baada ya Serikali kuahidi kuwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Hapo dhahabu hupimwa uzito na usafi, mrabaha hukatwa, muuzaji na mnunuzi huandikwa.

Kabla ya hapo mambo ni magumu zaidi. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la uchimbaji, hugawanywa kwa viroba: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la wachimbaji. Kila mmoja huenda na chake kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kisha mwaloni, mahali pa kuoshea, ambako zebaki hunasa chembe za dhahabu. Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliooshwa, nayo huuzwa, yakachanganywa na ya maduara mengine, kisha yakachenjuliwa kwa sianidi. Hapo ndipo asili hupotea, hata pasipo hila yoyote.

Na asili hiyo ndiyo wanunuzi wa nje wanayotakiwa kuifuatilia. Sheria ya Marekani ya 2010 kuhusu madini ya maeneo ya migogoro inaigusa Tanzania kwa sababu nchi hii inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Januari 2021. Zote huwabana wanunuzi wa mbali. Kiroba chenye namba ya leseni tangu duarani kingewarahisishia kazi kuliko stakabadhi ya sokoni peke yake.