Resori za Gari

Mtazameni mama anayetoka mtoni na ndoo ya maji kichwani. Njia ina mawe na mizizi, lakini maji hayamwagiki. Akikanyaga pabaya, magoti yake hukunjika kidogo, kiuno hufuata, shingo hutulia. Miguu yashuka na kupanda, na ndoo yabaki mahali pake. Mwaka 1871, Livingstone alipofika Nyangwe na kuliona soko lake kubwa, mizigo yote ya nchi hii ilisafiri hivyo, kichwani na begani mwa watu, au kwa mtumbwi juu ya Lualaba.

Gari halina magoti. Kama mwili wa gari ungekaa moja kwa moja juu ya magurudumu, kila shimo la njia lingepiga migongo ya watu, na gari lenyewe lingevunjika upesi. Kwa hiyo, kati ya magurudumu na mwili wa gari huwekwa chuma kinachokubali kukunjika na kurudi. Mafundi wa kwetu hukiita resori, neno lililotoka katika Kifaransa. Kuna resori za namna mbili zinazotumika sana katika magari ya njia mbaya. Je, ipi yafaa zaidi kwa njia za Nyangwe, Kasongo na Kabambare?

Namna ya kwanza mwaweza kuiona leo, kamyo ikisimama sokoni. Inameni, mtazame karibu na gurudumu la nyuma. Mtaona mabamba ya chuma yaliyopindwa kidogo kama upinde, yamelaliana, refu juu na fupi chini, yamefungwa pamoja katikati. Hiyo ni resori ya mabamba. Bamba refu kuliko yote lina pete huku na huku, na kwa pete hizo limeshikwa kwenye shasi, yaani ile mifupa mirefu ya chuma inayobeba gari zima. Katikati, resori imefungwa juu ya mhimili, ule mti wa chuma unaounganisha gurudumu la kuume na la kushoto.

Mkitaka kuelewa, pasueni mwanzi, mpate vipande vinne vyembamba. Pindeni kimoja kwa mkono: ni rahisi. Sasa vifungeni vyote vinne pamoja katikati, mpinde tena. Ni vigumu, tena mtasikia vipande vikisuguana. Ndivyo yafanyavyo mabamba ya gari. Msuguano huo una faida, maana huzuia gari lisirukeruke kama mpira. Una hasara pia. Shimo dogo halitoshi kuamsha mabamba, basi gari tupu hupiga piga sana, hasa matope yakikauka katikati yake na kutu ikiingia.

Kisha jaribuni jambo jingine. Pindeni kipande kimoja cha mwanzi kama upinde, kisimamisheni juu ya meza, na mwekeane alama mahali ncha zinapogusa. Kandamizeni katikati. Ncha zitasogea nje! Upinde ukinyooka, huwa mrefu. Ndiyo sababu pete moja ya resori imefungwa imara, lakini nyingine imening'inizwa kwa kipande kidogo cha chuma kinachocheza kama bawaba ya mlango. Bila kipande hicho resori isingeweza kunyooka hata kidogo.

Namna ya pili ni resori ya msokoto. Ni fimbo moja ya chuma iliyozungushwa kama nyoka aliyejikunja, au kama kile chuma chembamba kilicho ndani ya kalamu ya kubonyeza. Kitoeni hicho cha kalamu, mkibonyeze kutoka juu: kinashuka na kurudi vizuri, bila msuguano. Sasa kisukumeni kwa upande. Kinalala!

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la habari hii. Resori ya mabamba ina kazi mbili: inabeba uzito, tena inaushika mhimili usiende mbele wala nyuma, kuume wala kushoto. Resori ya msokoto ina kazi moja tu, kubeba. Nani basi ataushika mhimili? Ni lazima kuongeza mikono ya chuma. Mikono mirefu yatoka kwenye mhimili mpaka kwenye shasi, kuuzuia usirudi nyuma, na mkono mwingine umelala kwa kukingama, kuuzuia usiende upande. Kila mwisho wa mkono una mpira mgumu ili uweze kucheza kidogo.

Je, kwa nini wahandisi wakajisumbua hivyo? Kwa sababu kazi ikigawanywa, kila chuma hufanya yake vizuri zaidi. Resori ya msokoto yaweza kuwa laini na kushuka sana. Gurudumu moja likiingia shimoni, lenzake laweza kubaki juu, na yote mawili yakaendelea kukanyaga udongo. Ni jambo la maana, maana katika magari mengi gurudumu likiinuka hewani huzunguka bure, na lenzake halipati nguvu ya kulitoa gari matopeni. Waingereza walitoa Land Rover ya kwanza mwaka 1948, nayo ilikuwa na mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1970 wakatoa Range Rover yenye misokoto na mikono, na mwaka 1983 Land Rover kubwa nayo ikaachiliwa mabamba yake.

Mtu akisikia hayo atasema, “Basi, msokoto umeshinda.” Ngojeni kwanza.

Tuseme gari limetoka Kabambare kwenda Kasongo, zaidi ya kilomita 100, wakati wa mvua. Nyuma amelala mama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mbele ya daraja la magogo, gari laanguka katika shimo, na bamba moja lakatika. Gari halilali, kwa sababu mabamba mengine bado yanabeba. Shofere hukata kipande cha mti mgumu, akakiingiza kati ya mhimili na shasi, akakifunga kwa kamba ya mpira wa gurudumu la zamani, na kuendelea polepole. Lakini likikatika lile bamba refu lenye pete, ni hatari, maana mhimili waweza kurudi nyuma na gari likakataa kufuata usukani. Shofere mwenye akili hushuka kulitazama kabla ya safari.

Msokoto haukatiki mara nyingi. Mikono ndiyo yenye taabu. Jiwe laweza kuupinda mkono mmoja, na mipira yake huchakaa. Hapo gari huvuta upande, na kifaa kipya hutoka mbali, Bukavu au Lubumbashi. Nani atamwambia mgonjwa angoje?

Bamba kuukuu hupatikana popote palipo na gari bovu. Hata wahunzi hulipenda, kwa kuwa chuma chake hutoa panga zuri. Lakini asiwepo mtu wa kulitia bamba motoni, kulinyoosha kwa nyundo na kulirudisha katika gari. Moto wa namna hiyo huondoa ule ugumu unaolifanya lirudi likipindwa. Laonekana zima, na kumbe limekufa.

Tena wako mashofere wanaoongeza bamba juu ya bamba ili wapakie mchele na mafuta ya mawese kupita kiasi. Resori yao imekuwa ngumu kama gogo. Wakati huo kinachokunjika ni shasi, nayo hupasuka.

Wajapani walipata njia ya katikati. Toyota Land Cruiser ya namna ya 70 ilianza kuuzwa mwaka 1984, nayo ilikuwa na mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 namna za 78 na 79 ziliwekewa misokoto na mikono mbele, lakini nyuma mabamba yakabaki. Walikuwa na sababu. Mbele pana injini, na uzito wake haubadiliki. Nyuma leo pana watu wawili, kesho magunia mpaka juu. Kama Nyangwe ingeniuliza, ningechagua gari la namna hiyo, tena ningenunua siku ileile mipira ya mikono ya akiba na bamba moja refu, nikavifunga chini ya kiti.

Kesho gari likipita, ngojeni lisimame na shofere awape ruhusa. Tazameni nyuma, mhesabu mabamba ya kuume, kisha ya kushoto. Kama hesabu hazilingani, mwulizeni shofere ilikuwaje. Atakuwa na hadithi ndefu.