Pikipiki iko kituoni, kadi iko kwa nani?

Tuseme wewe ni dereva wa bodaboda kijiwe cha Boko Magengeni. Abiria uliyempakia usiku amekamatwa na mali ya wizi, na pikipiki ikachukuliwa kama kielelezo. Wewe hukushtakiwa, umeandika maelezo kama shahidi ukaambiwa nenda. Miezi minne sasa, kila ukienda kituoni mpelelezi hayupo. Pikipiki inanyeshewa, na bosi bado anadai hesabu.

Wakili ukimfuata, swali lake la kwanza litakuwa: kuna kesi mahakamani? Jibu lako ndilo linaloamua ubishe hodi wapi.

Kama kesi imefunguliwa, tuseme Mahakama ya Wilaya ya Kinondoni, wa kumwomba ni hakimu anayeisikiliza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu kuagiza mali iliyochukuliwa kwa mshtakiwa irudi kwa anayeonekana kuwa na haki nayo. Maombi huandikwa, huambatana na kiapo, na upande wa mashtaka hupewa nafasi ya kujibu. Namba za vifungu siziandiki kwa makusudi: Toleo la Sheria la 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limezipanga upya, na kunakili maombi ya zamani ya jirani ni kujitafutia pingamizi.

Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo hakikisha unakielewa kiapo chako kabla hujakisaini. Humo weka mambo unayoyajua mwenyewe: tarehe, kituo, namba ya usajili, namba ya injini. Hasira ziache nyumbani. Kisha omba kwa masharti: pikipiki ipigwe picha, usiiuze, na uilete siku itakapohitajika kwenye ushahidi. Ni rahisi zaidi hakimu kukubali hilo kuliko kuachia kielelezo moja kwa moja.

Madereva wengi hukwama kwenye kadi. Pikipiki ya mkataba hata uwe umebakiza hesabu za wiki mbili tu, kadi ya TRA bado ina jina la bosi, na mbele ya hakimu anayeonekana kuwa na haki ni mwenye jina hilo. Basi bosi aape mwenyewe, au muape wote wawili na mkataba uambatanishwe. Mkataba wa mdomo chini ya mwembe utakusumbua sana hapa.

Karatasi ya pili ni stakabadhi. Polisi akichukua kitu katika upekuzi, sheria inamtaka atoe hati yenye saini ya mwenye mali au msimamizi wa eneo, na za mashahidi kama wapo. Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 384 ya 2008, ilieleza kwamba hati hiyo inahakikisha mali ilitoka pale palipotajwa na si kwingine. Wengi huiona ni silaha ya polisi. Kwangu ni silaha ya raia pia, kwa sababu kitu kisichoandikwa popote utakidai kwa nani? Omba nakala hapo hapo, kwa upole, kabla gari la polisi halijaondoka.

Kama hakuna kesi, anza na barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikishindikana, njia inayobaki ni ndefu: notisi ya siku 90, kisha shauri Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiunganishwa. Kwa lori, sawa. Kwa pikipiki iliyochakaa, gharama itaimeza thamani yake; afadhali urudi na barua ya pili, na ya tatu.

Na usilale baada ya hukumu. Kielelezo kisichodaiwa ndani ya miezi 12 tangu kesi au rufaa iishe, mahakama inaweza kuagiza kiuzwe, na fedha zikaingia serikalini.