Je, Wajua? CD Iliwashtua Watu kwa Ukimya Wake

Je, wajua kwamba wengi waliosikiliza CD mara ya kwanza walishangazwa na ukimya? Mashine ya kwanza ya kucheza CD kuuzwa, Sony CDP-101, iliingia madukani Japani Oktoba 1, 1982, kwa yeni 168,000. Hapakuwa na mkwaruzo wa sindano ya santuri wala mvumo. Muziki uliibuka ghafla, kavukavu.

• Usafi huo ulianika mengi. Kiti kikilia studioni, kinasikika. Mwimbaji akivuta pumzi, inasikika. CD nyingi za mwanzo zilichapwa onyo: huenda ukasikia kasoro za tepu ya asili.

• Si wote waliofurahi. Wapo waliolalamika kwamba sauti ni kali na imepoa, haina utamu wa santuri.

• Leza husoma CD kutoka katikati kwenda ukingoni, kinyume cha santuri. Kwa kuwa leza haiigusi CD, kuicheza hakuichakazi.

• Karibu mwaka 1990, baadhi ya wapenzi wa muziki walipaka kingo za CD zao kalamu ya kijani, wakiamini sauti itanoga. Vipimo havikuona tofauti yoyote.