Baba wa Kwenye Runinga na Baba wa Nyumbani



Wapendwa waamini, wengi wetu tulimpenda marehemu Amri Athumani, msanii wa Tanga aliyejulikana nchini kote kwa jina la King Majuto, na aliyefariki dunia tarehe 8 Agosti 2018. Katika vichekesho vyake vingi vya kifamilia alikuwa baba. Leo alikuwa baba mkali asiyetaka binti yake asalimiwe hata na jirani. Kesho alikuwa mzee mwenye kukimbizana na wasichana wa rika la binti huyo. Ndugu zetu wa Kenya nao walikuwa na Vitimbi, ambamo Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana na kupatana kwa miaka mingi, na ugomvi wa juma hili haukuukumbuka ule wa juma lililopita.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wasanii. Kichekesho huishi kwa kugeukageuka, na nakiri kwamba nami hucheka. Mtoto aliyepigwa kofi katika onesho la leo atarudi juma lijalo bila kinyongo, kwa sababu aliyetunga mchezo hakumpa kumbukumbu. Watoto wetu wanayo.

Hapa kwetu Ifakara na katika bonde lote la Kilombero, mwaka wa familia hufuata mpunga. Mvua zikianza, wazazi wengi huhamia mashambani, wengine ng'ambo ya mto, na watoto wanaosoma hubaki mjini na bibi au dada mkubwa. Kwa miezi kadhaa sheria ya nyumba ni ya bibi. Mavuno yakiisha wazazi hurejea, kila mmoja na sheria yake. Gunia likiuzwa, baba hununua soda kwa watoto wote wa mtaa na hakuna kosa analoliona. Fedha ikiisha, mtoto yuleyule huchapwa kwa kuomba daftari. Mama aliyemkataza kutembea usiku humtuma usiku dukani. Baba akifoka, mama humfichia mtoto kosa ili nyumba ilale salama.

Kijana mmoja wa mafundisho ya Kipaimara aliniambia kwamba, kabla ya kumweleza baba yake jambo lolote, husikiliza kwanza namna anavyoegesha baiskeli ukutani. Ikiegeshwa taratibu, atasema. Ikibamizwa, atanyamaza hadi kesho. Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, nami nilikosa la kumjibu. Kijana huyo hajui lililo jema na lililo baya katika nyumba yao. Anajua tu saa njema na saa mbaya.

Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, wanafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 269, anasema mtoto aliyekosa lazima arekebishwe, lakini asifanywe kamwe adui wala chombo cha mzazi kumalizia hasira zake. Basi tujiulize: fimbo ile ya mwezi wa njaa ilikuwa ya kosa la mtoto, au ya bei ya mpunga?

Maandiko Matakatifu yanatupa familia nyingine iliyoyumba. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo, na kila mzazi alikuwa na mtoto wake. Tukisoma sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo, ile ya ngozi za mbuzi na mzee asiyeona, kuna mahali msikilizaji anaweza hata kutabasamu. Lakini hakuna juma lijalo linalofuta yaliyotokea. Yakobo anakimbilia Harani. Rebeka anamwambia akae huko siku chache. Zinakuwa miaka ishirini, na Maandiko hayatuambii popote kwamba mama huyo alimwona tena mwanawe.

Sishauri runinga izimwe. Nashauri baba na mama wakae pamoja kabla ya msimu kuanza, bibi naye akiwapo, wakubaliane mambo matatu au manne ambayo hayatabadilika, fedha iwepo isiwepo. Na mzazi aliyegeuka amwambie mtoto kwamba amegeuka.

Baba mmoja katika jumuiya ndogo ndogo ninayoitembelea alifanya hivyo mwaka huu. Aliwaita watoto wake kabla ya kwenda shambani, akawaomba radhi kwa kipigo cha mwaka uliopita. Mtoto wa mwisho akamwuliza kama akirudi atakuwa amebadilika tena. Baba akajibu kwamba hajui, ila akibadilika, wamkumbushe.