Ngozi Inapokuwa Ngumu

Katika somo lililopita tulieleza jinsi kidonda kinavyopona. Leo tutaeleza ugonjwa ambao kazi hiyo ya kuponya huanza pasipo jeraha la kuonekana, na ikiisha kuanza haijui kukoma. Jina lake ni skleroderma, neno litokalo katika Kiyunani, maana yake ngozi ngumu.

Kwanza tukumbuke kidogo. Ndani ya ngozi mna chembe hai ziitwazo fibroblasti. Kazi yake ni kutengeneza nyuzi za kolajeni, ambazo huipa ngozi nguvu kama nyuzi za katani zinavyoipa kamba nguvu. Mtu akijikata, chembe hizo huitwa kazini. Nyingine hupata uwezo wa kujikaza kama msuli, zikavuta kingo za kidonda zikutane. Kidonda kikiisha kufunga, nyingi kati yake hufa, likabaki kovu.

Katika skleroderma mambo huenda kwa hatua tatu, nazo mara nyingi huchanganyika.

Hatua ya kwanza ni ya vishipa vidogo vya damu. Kuta zake hudhurika, navyo hujibana upesi wakati wa baridi. Vidole hufa ganzi, huwa vyeupe, kisha buluu, kisha vyekundu. Daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliandika habari za hali hiyo mwaka 1862. Kwa mwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani kwa urahisi. Basi tazameni viganja na kucha, na kuuliza habari za ganzi. Lakini sikilizeni vema: watu wengi wenye vidole vya namna hii hawana skleroderma.

Hatua ya pili ni ya askari wa mwili, yaani chembe zinazotulinda na vijidudu. Askari hao hukosea, wakawapiga wenyeji wao. Huingia katika ngozi na kutoa kemikali zinazoziamrisha fibroblasti. Moja iliyo kubwa huitwa TGF-beta. Wakati huu vidole huvimba, na pete haivuliki tena.

Hatua ya tatu ni ya kolajeni. Fibroblasti hufuma nyuzi kupita kiasi, wala hazifi kwa wakati wake. Nyuzi husongamana, vinyweleo na tezi za jasho hupotea, ngozi ikashikamana na nyama iliyo chini yake. Na hapa ndipo penye kiini cha somo letu: ngozi iliyokwisha kuwa ngumu huzivuta fibroblasti, na mvuto huo hufungua TGF-beta nyingine iliyokuwa imefungiwa kati ya nyuzi. Ugumu huzaa ugumu.

Je, ugonjwa huu watoka wapi? Hauambukizi. Si uchawi, wala si ukoma, ambao husababishwa na vijidudu na huua hisia za ngozi. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa katika chakula wala malazi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Vumbi la mawe nalo lina hatia yake: mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliuona kwa waashi wa mawe, na mwaka 1957 daktari Erasmus alieleza habari za wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini.

Nyuzi hizo haziishii ngozini. Zikiingia mapafuni, mtu hukosa pumzi. Umio ukidhoofika, chakula hukwama. Figo zikishikwa, shinikizo la damu hupanda ghafula, na zamani wengi walikufa. Dawa za jamii ya kaptoprili, zilizoanza kutumika miaka ya 1970 na 1980, zimeokoa wengi, mradi zianzwe mapema. Dawa ya kuuondoa ugonjwa wote haijapatikana. Zilizopo hutuliza askari wa mwili au hupunguza mwendo wa kovu.

Basi mwenye vidole vya ganzi vinavyovimba na kukaza asingoje. Aende hospitali, apimwe shinikizo la damu, mkojo na mapafu.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kovu la kidonda na ngozi ya skleroderma hutofautianaje?
2. Kwa nini ugumu huzaa ugumu?
3. Mtamjibuje jirani asemaye kwamba mgonjwa atengwe?