Panya na Kihodi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza namna panya wa darini alivyofika pwani yetu. Leo tumlinganishe na kihodi, bundi mdogo wa Pemba, tuone ni nani hasa wa kuogopwa.

Kwa kimo hawapishani sana. Kihodi ana urefu wa sentimita 18 hivi, na kiwiliwili cha panya aliyekomaa, ukiacha mkia, hukaribia hapo. Kihodi ana manyoya ya rangi ya kutu, macho ya njano na vishungi viwili vidogo kichwani. Mkia wa panya hushinda mwili wake kwa urefu, nao ndio humpa mizani apitapo juu ya kamba ya chombo. Meno yake ya mbele hayakomi kukua. Hana budi kuguguna.

Wanapoachana ni kwenye asili na uzazi. Panya huyu chimbuko lake ni Bara Hindi. Alikuja na majahazi, na mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyostawi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mimba yake ni majuma matatu tu, na leo yumo karibu kila bandari duniani. Kihodi hana kwao kwingine ila Pemba, katika msitu wa Ngezi na mashamba ya mikarafuu. Mchunguzi wa ndege aitwaye Pakenham ndiye aliyemtambulisha kwa wataalamu wenzake mwaka 1937. Hutaga katika mashimo ya miti, na panya ni mpanda miti anayekula mayai.

Fundo, kisiwa cha mawe ya matumbawe mkabala na Wete, kila gunia la mchele huvushwa kwa chombo. Panya naye huvuka vivyo hivyo, akafika kwenye mihogo na vidaka vya minazi. Asitokee wa kusema tulete bundi wakubwa wamle. Shelisheli walifanya hivyo mwaka 1949, na bundi wale wakageukia ndege wa visiwa vile. Kihodi naye hatatuondolea panya, maana chakula chake hasa ni wadudu.

Na bado wapo wanaomrushia mawe, wakidhani sauti yake ya “hu” moja moja usiku yaleta msiba. Nawaomba manahodha wa Fundo wakague mizigo kabla ya kung'oa nanga, na wenye mashamba Pemba wasikate mti mkongwe wenye shimo bila sababu. Kihodi mwacheni.